Tutajuaje Tumepewa Yupi?

Nikifungua kitabu cha hadithi nikakuta ndani yake kuna pacha, huwa nakifunga kwanza na kulitazama jalada. Nataka kujua nani kakiandika na anatutakia nini. Nimezisoma hadithi hizo kwa miaka mingi, na bado sijaipata ile ambayo pacha wamewekwa kwa sababu ni watu wawili. Wanawekwa ili mmoja adhaniwe mwenzake. Mmoja ni mwema, mwingine mwovu. Mmoja anafungwa kwa kosa la ndugu yake. Mmoja anaingia chumbani kwa mchumba asiye wake. Mwandishi akishaupata mchezo wake, hana haja na pacha hao tena. Muulize yupi kati yao anakula dagaa na yupi hali, uone kama anajua. Mimi nilikuwa sili. Dada yangu aliwala mpaka vichwa. Tulizaliwa siku moja, Kahama, kwa mama mmoja, na nyuso zetu hata baba alikuwa akizikosea.

Baba alikuwa na duka dogo pale Nyasubi, la chumvi, viberiti na vitenge pale vilipopatikana. Babu zake wengine walitoka pwani, wengine Kigoma, na yeye akawa Mwislamu wa mjini anayezungumza Kiswahili nyumbani. Mama alikuwa Msukuma wa Didia. Kwa upande wa mama sisi hatukuwa watoto tu, tulikuwa mabasa, yaani pacha, na mabasa wana masharti yao. Hata majina hatukupewa, tuliyakuta yakitusubiri. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume, awe mpole au mkorofi, na mtaani kwetu kulikuwa na jozi nyingine zenye majina hayo hayo. Mimi ndiye niliyefuata. Watu hawakujisumbua kututenganisha. Walituita Kulwadoto kwa pumzi moja, na aliyekuwa karibu akaitika.

Sharti kubwa lilikuwa kwamba linalofanywa kwa mmoja lifanywe na kwa mwenzake. Bibi mzaa mama ndiye aliyelisimamia, na alikuwa mkali. Mmoja akipewa yai, la pili litafutwe hata kwa jirani. Dada akishikwa na homa, na mimi nilimezeshwa klorokwini, mzima wa afya, nikikaa kando yake na uchungu wa dawa mdomoni. Bibi aliamini kwamba pacha akionewa kidogo tu husononeka, na akisononeka sana huiacha dunia na kwenda zake. Kwa hiyo walituogopa kwanza, halafu ndipo wakatupenda. Nilianza kuutilia shaka usawa ule nikiwa bado mdogo. Niliona kwamba hakuna aliyekuwa akiniuliza ninataka nini. Walikuwa wakimtazama dada, halafu wananigeukia mimi kuhakikisha mizani haijalala upande.

Tulipofika darasa la saba alikuja mwalimu mgeni kutoka Tanga. Alitutazama sana wiki za mwanzo, nami nikamtazama yeye, maana mtu mzima akikutazama hivyo ana lake. Kumbe alikuwa akitutungia mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Ndani yake kulikuwa na pacha wawili wa kike. Mwema ameolewa na ametulia kwake. Mwovu anajifunza mwendo wake, sauti yake, hata namna anavyofunga kilemba, kisha siku moja anaingia nyumbani kwa mwenzake na kujifanya ndiye mke. Mwishoni mume anawafukuza wote wawili, kwa kuwa hajui tena aliyemwoa ni nani.

Nilimuuliza mwalimu ni nani kati yetu atakuwa mwovu.

"Jipangieni wenyewe," akasema. "Hata mkibadilishana, nani atajua?"

Alisema hivyo akicheka, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini neno hilo lilinichoma. Mwalimu aliyekuwa akitufundisha kila siku, aliyesahihisha hesabu zangu na kuniambia nina akili ila sina subira, alikuwa akiniambia kwamba kwenye hadithi yake mimi na dada ni kitu kimoja chenye miguu minne. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, alitufundisha yeye mwenyewe ubaoni.

Dada hakutaka kuwa mwovu, akalia, basi mimi nikawa mwovu. Na nikafanya kazi kwelikweli. Nilimfuata dada kila alipokwenda kuteka maji ili nijifunze anavyotembea. Yeye hukanyaga taratibu, mabega ameyashusha, macho yako kwenye ndoo. Siku ya wazazi, nilipotoka nyuma ya pazia la magunia na mwendo wake, watu walipiga mayowe. Mama mmoja aliyeketi mbele alisimama akamwambia yule mvulana aliyekuwa mume: "We baba, huyo siye!" Uwanja mzima ukacheka. Nilifurahi, siwezi kukataa. Ila nilipofika nyumbani nikitaka kutembea mwendo wangu, nilisimama uani nikajiuliza mwendo wangu ulikuwaje.

Mchezo ukaisha, lakini mji haukuuacha. Muuza nyama akinipimia alisema, "Wewe ni yule mwema au yule mwizi wa waume?" Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye ikaja miaka ya foleni, sabuni ikawa inatolewa kipande kimoja kwa kila mtu, na utani ukakauka. Dada alikuwa mbele yangu, akapewa chake akaondoka. Nilipofika dirishani, muuzaji akaufunika mzigo kwa mkono wake.

"Umeshachukua wewe."

"Si mimi, ni pacha wangu."

"Ndiyo mchezo wenu huo," akasema, na watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Ilibidi dada arudi, tusimame bega kwa bega mbele ya foleni yote ili ithibitike kwamba tuko wawili. Muuzaji alitoa kipande cha pili shingo upande, na akasema tusirudie. Tusirudie nini? Kuzaliwa? Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hasira, na dada akinibembeleza, na kila aliyetuona njiani akimbembeleza dada kwa kudhani aliyekasirika ni yeye.

Kwenye baraza la duka tuliuza vitumbua kwa zamu. Alikuwa akija kijana mmoja wa Masumbwe, aliyepeleka unga na maturubai kwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita kwa lori la mjomba wake. Kila lori likipita Kahama, alishuka kununua. Tulikuwa tumeshamaliza shule zamani, na mama alishaanza kutuambia tukae vizuri barazani. Siku moja mshenga akaja kwa baba, akasema kijana anaomba kumwoa binti yake, yule anayeuza vitumbua.

"Yupi?" baba akauliza.

Mshenga akababaika. "Yule wa barazani."

Dada alikuwa kaketi karibu yangu nyuma ya mlango. Akainamisha macho, akatabasamu. Nilimvuta jikoni.

"Umejuaje kama ni wewe?"

"Huwa ananiongelesha."

"Na mimi ameniongelesha."

"Alikwambia nini?"

"Alisema vitumbua vyangu havina sukari."

Dada akaziba mdomo kwa khanga akicheka. "Kwangu husema vitamu mpaka anavikumbuka njiani."

Unga ulikuwa mmoja, sukari moja, kikaango kimoja. Niseme wazi kwamba mimi yule kijana sikumtaka. Nilichotaka ni kuwa na uhakika kwamba anajua amemtaka nani, maana dada yangu alikuwa amempenda. Hakuwa akila vizuri siku lori lilipochelewa. Alijifunza majina ya vituo vyote vya njia ya Masumbwe kama mtoto anayeimba. Na mimi, kila nilipomwona akifurahi hivyo, nilimwogopea. Niliwaza kwamba labda yule kijana ameona sura tu, na sura hiyo ilikuwa na wenyewe wawili.

Halafu akaja shangazi yake kijana. Alikuwa mama mwenye mwili na sauti ya chini, mtu wa kukaa kimya mpaka chai ipoe. Baba akamkaribisha, mama akamwamkia, naye akatuita sote wawili tumsalimie. Tulipopiga magoti na kusema shikamoo, alijibu marahaba moja tu, akitutazama kwa zamu.

"Mimi nitasema, baba wa hawa wawili, usinielewe vibaya," akamwambia baba. "Mwaka ule nilikuja hapa kumwuguza dada yangu, nikauona ule mchezo wa shule. Mmoja wao aliingia kwa mume wa mwenzake, na sisi tuliokaa mbele kabisa hatukuweza kuwatofautisha kwa sura."

"Ule ulikuwa mchezo, mama," baba akasema.

"Ndiyo, mchezo. Nani waliucheza?"

Baba akatugeukia sisi.

"Kijana wetu anaishi na wachimbaji," shangazi akaendelea. "Kule shaba inauzwa kwa jina la dhahabu mchana kweupe. Ameshazoea kupima. Sasa leo mkitupa huyu, kesho huyu akachoka akaenda kwao kupumzika, akarudi yule. Tutajuaje tumepewa yupi?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumrukia. Mwanamke mzima alikuwa amekaa sebuleni kwetu akiupinga uchumba wa dada kwa kosa nililolifanya kwenye jukwaa la magunia, tena kosa lililotungwa na mtu wa Tanga. Dada alianza kutokwa na machozi bila sauti. Shangazi hakuwa mkatili, ila alikuwa hakubali kuibiwa. Alitaka alama. Bibi harusi atiwe alama isiyofutika, halafu mahari izungumzwe.

Baba alikataa chale, akasema dini yake hairuhusu kuuchanja mwili. Walibishana kwa heshima mpaka likapatikana la kati, kipini. Bibi zake baba walivaa vipini puani, pambo la mwanamke aliyeposwa, na halikuwa na ubaya wowote. Dada atogwe pua. Mimi nibaki kama nilivyo.

Mimi nibaki kama nilivyo! Sidhani kama kuna mtu pale sebuleni aliyejua maneno hayo yaliniingia vipi.

Jirani yetu alimtoga dada asubuhi, kwa sindano na uzi mweusi, akamwekea kijiti cha ufagio mpaka kidonda kipone. Mama akamtumia bibi salamu Didia kwamba mambo ya posa yanaendelea vizuri. Na zikafuata siku ambazo mpaka leo nazihesabu kuwa nzuri kuliko zote za ujana wangu, ingawa hakuna lililotokea. Nilikwenda sokoni, muuza dagaa akanitazama pua, akasema, "Aa, wewe ni yule mwingine. Dada yako hajambo?" Sijawahi kufurahia kuitwa mwingine namna ile. Muuza nyama akanipimia bila utani. Mtoto wa jirani aliyekuwa akitukosea kila siku alinikimbilia na kuniita Doto bila kusita. Usiku nilikuwa nikigusa pua yangu nzima nikilala. Nilishuku tu kwamba raha hiyo haitadumu, maana nilimjua bibi yangu.

Bibi alifika kwa lori la pamba akiwa na kuku mkononi. Alimkumbatia dada, akaona kijiti, akaguna. Akanigeukia mimi, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku.

"Na huyu?"

Mama akamweleza alama, na shangazi wa Masumbwe, na kwa nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama, kwa Kisukuma kwanza halafu kwa Kiswahili ili baba aliyekuwa dukani asikie: "Umemwaga damu ya mmoja, ya mwingine ukaiacha? Mayu, mwanangu, unataka kuzika?"

"Lakini mama, ndiyo alama yenyewe," mama akasema.

"Alama ni yao hao wageni. Mabasa ni wetu."

Nilimtazama mama. Nilimwomba kwa macho, halafu nikamwomba kwa mdomo. Nilisema sitaki, mimi sijaposwa, mimi siumwi, mimi sionewi. Mama alinipenda, hilo silitilii shaka. Lakini nilimwona akihesabu moyoni: posa ya mmoja, na uhai wa wawili. Alikuja akanishika kichwa. Bibi alichukua sindano ile ile. Haikuuma sana. Nilichokililia ni kwamba hakuna hata mmoja aliyegundua kuwa ananinyang'anya kitu. Waliona wananipa.

Baba alipoingia ndani alitukuta tumekaa kwenye mkeka mmoja, na vijiti viwili puani. Alisema "Lahaula," akarudi dukani.

Shangazi aliporudi, safari hii na kijana mwenyewe na mjomba wake, wanaume walikaa barazani na baba, shangazi akaingia moja kwa moja ndani kuiona alama. Vidonda vyetu vilikuwa vimepona. Tulikuwa na vipini viwili vya fedha, bibi alikuwa amehakikisha vinatoka kwa sonara mmoja. Shangazi alisimama mlangoni. Alitutazama, akamtazama mama, akamtazama bibi, na nilimwona akikumbuka uwanja wa shule, pazia la magunia, na watu wakicheka.

"Mnanifanyia mchezo ule ule," akasema taratibu.

Bibi akamweleza sharti la damu. Mama akaapa. Shangazi alisikiliza yote, akakubali kwa kichwa kwamba kila kabila lina mambo yake, ila uso wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Kwake yeye, mtu anayeombwa alama akatia mbili ana analolificha. Mdhaniwa siye, kumbe ndiye. Ningekuwa yeye, na mimi ningefikiri hivyo.

"Basi kijana ahukumu mwenyewe," akasema mwishowe. "Mmoja wenu ampelekee maji barazani. Msiniambie ni nani. Akimjua, nitaomba radhi na mahari tutazungumza leo. Asipomjua, tutakunywa chai na kuondoka. Siwezi kumpeleka nyumbani mke ambaye mumewe mwenyewe hamjui."

Tukaingia jikoni sisi wawili. Nilichota maji kwenye mtungi, nikampa dada kikombe. Hakukipokea.

"Nenda wewe," akasema.

"Mimi? Ya nini nije kuvunja ndoa yako?"

"Nikienda mimi atasema ni mimi, kwa kuwa ndimi anayenitaka. Hata kama hajui, atabahatisha. Wewe ndiye wa kwenda." Akanishika mkono. "Na usimsaidie. Na mimi nataka kujua."

Hapo nilielewa kwamba dada hakuwa akiogopa shangazi. Alikuwa na shaka yangu ile ile, aliificha tu kwa kicheko. Pengine aliibeba tangu siku ile ya vitumbua. Akijua kwamba ameposwa sura, hatamtaka tena kijana, na itamvunja.

Nikatoka na kikombe. Ua wetu ulikuwa mfupi, lakini kila hatua ilinichanganya. Nikishusha mabega, nitakuwa nimetembea kwa mwendo wa dada, ule niliojifunza. Nikiyainua, nitakuwa namsaidia kijana kwa makusudi. Nilitafuta mwendo wangu ambao si wa kumwiga dada wala wa kumkwepa, sikuuona. Nikaenda hivyo hivyo.

Barazani nilipiga magoti mbele ya baba na mjomba, nikaamkia, kisha nikamgeukia kijana na kumpa maji. Nilisikia khanga ya shangazi ikigusa mlango nyuma yangu. Kijana alipokea kwa mikono miwili. Akanitazama, akanywa taratibu mpaka chini, na mimi nikawaza, huyu hajui, huyu anavuta muda, huyu ni kama wengine wote.

"Ahsante, shemeji," akasema.

Mlangoni shangazi akauliza, "Umejuaje?"

"Nimejua tu, shangazi," akajibu.

Shangazi alisubiri, aone kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akaja mpaka kwa baba, akamwomba radhi mbele ya mjomba kama alivyoahidi, na wanaume wakaanza kusogeza viti. Katika kelele zile za viti niliinama kuchukua kikombe. Mimi sikuwa nimeridhika. Mtu anaweza kubahatisha upande wowote. Nikamwambia kwa sauti ya chini, na sauti yenyewe haikuwa nzuri: "Umebahatisha."

Akacheka, kama shemeji anavyoruhusiwa. "Mwenzako akileta kitu, macho yake yako kwenye kile kitu, kisimwagike. Wewe unanitazama mimi kana kwamba nimekuibia kuku. Tangu siku ya kwanza kwenye vitumbua. Mimi nikikukuta wewe barazani huwa naogopa hata kusifia."

Nilibaki nimepiga magoti. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema jambo kunihusu mimi ambalo halikuwa pia la dada yangu. Halikuwa sifa nzuri. Ilikuwa kwamba mimi ni mtu wa shaka, na kwamba shaka hiyo inaonekana usoni mwangu, kwenye uso ule ule tuliopewa wawili. Machozi yalinijaa, nikasimama haraka nikarudi ndani.

Dada alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ameshika nguzo.

"Amejua?"

"Amejua."

Akanikumbatia, akalia, akacheka, akaniuliza maswali yote kwa mara moja. Alinitazama vipi? Alisita? Kisha akauliza, "Na ulipookota kikombe nimeona mnasemezana. Alikwambia nini?"

Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nampenda mpaka leo. Ila neno lile sikutaka kugawana naye. Nikamwambia, "Amesema maji ya hapa matamu."